Hukumu ya Mtawala na Maziwa ya Mtoto

Bismillahir Rahmanir Rahim. Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), na jamaa zake na sahaba zake.

Ndugu zetu Waislamu, somo letu la leo ni juu ya jambo ambalo wengi wetu hulidhani kuwa ni la wanawake peke yao, likazungumzwa ndani na jikoni, lisifike msikitini wala barazani: nalo ni maziwa ya mtoto mchanga. Sisi twataka kubainisha kwamba jambo hili ni la wanaume kabla ya kuwa la wanawake, na ni la wenye kutoa amri kabla ya kuwa la wenye kuamrishwa. Kwani mama hunyonyesha kwa nafasi aliyopewa, na kwa chakula alicholetewa, na kwa raha aliyoachiwa. Na vitu hivi vitatu, mara nyingi, vimo mikononi mwa watu wengine.

KISA CHA SAYYIDNA UMAR

Imesimuliwa, na miongoni mwa walioipokea habari hii ni Ibn Saad katika Tabaqat yake, kwamba katika ukhalifa wa Sayyidna Umar bin Al-Khattab (R.A.), ulioanza mwaka 13 na kwisha mwaka 23 wa Hijra, msafara wa wafanyi biashara ulifika Madina ukatua penye uwanja wa kusalia. Sayyidna Umar akamwita Abdurrahman bin Auf (R.A.), wakaenda wawili hao kuwalinda wageni usiku ule wasiibiwe, wakawa wakikesha na kusali.

Katikati ya usiku Sayyidna Umar akasikia kilio cha mtoto. Akamwendea mamake, akamwambia amwogope Mwenyezi Mungu na amtendee mwanawe wema, kisha akarudi mahali pake. Mtoto akalia tena; akamwendea tena mamake akamwambia maneno yale yale. Ulipokuwa mwisho wa usiku mtoto akalia mara nyingine. Sayyidna Umar akamwendea yule mama kwa ukali, akamuuliza ni mama gani yeye ambaye mwanawe hatulii usiku kucha. Yule mama, naye hamjui asemaye naye, akamjibu kuwa amemchosha kwa maswali, na kwamba yeye yu katika kumlikiza mtoto ziwa, na mtoto hataki. Akamuuliza: kwa nini? Akajibu kwamba Umar hatoi posho ya Baitul Mali ila kwa mtoto aliyekwisha kulikizwa. Akauliza umri wa mtoto, akaambiwa kuwa ni miezi kadha wa kadha. Akamwambia asimharakishe.

Alfajiri ikaingia, Sayyidna Umar akasalisha watu hali ya kuwa analia, hata watu wasiweze kuyabainisha vyema anayoyasoma. Alipotoa salamu akajilaumu mwenyewe mbele ya watu, akijiuliza ni watoto wangapi wa Kiislamu waliokufa kwa sababu yake. Kisha akaamuru ipigwe mbiu kwamba watu wasiwaharakishe watoto wao kuwalikiza, kwani tangu siku hiyo kila mtoto azaliwaye katika Uislamu ana posho yake. Na akayaandika hayo kuyapeleka katika miji yote.

MAFUNZO YA KISA HIKI

Funzo la kwanza ni kwamba amri ile haikuwa na ubaya kwa dhahiri yake. Sayyidna Umar hakukusudia kumdhuru mtoto yeyote. Aliona tu kwamba anyonyaye hana haja ya chakula, na aliyelikizwa anayo. Ni hesabu iliyo sahihi katika karatasi. Lakini amri ikishatoka mkononi mwa mtoaji huingia nyumbani kwa watu, na huko huzaa mambo ambayo mtoaji hakuyadhania. Mama fakiri aliitazama amri ile akaona kuwa ziwa lake lamzuilia posho, akalikata.

Funzo la pili ni kwamba Sayyidna Umar mwenyewe, pamoja na elimu yake na uadilifu wake, alianza kwa kumlaumu mama. Mara mbili alimwambia amwogope Mwenyezi Mungu kabla ya kumuuliza sababu. Alipouliza ndipo alipojua kuwa sababu ni yeye aulizaye.

Funzo la tatu ni kwamba alipoijua kosa hakutafuta udhuru, wala hakungoja mwaka wa pili, wala hakumpa mama yule mmoja posho kwa siri ili kelele zimalizike. Aliibadilisha hukumu yenyewe, kwa kila mtoto na katika kila mji, asubuhi ile ile.

SHERIA YASEMAJE?

Aya ya 233 ya Sura ya Al-Baqara ndiyo msingi wa mlango huu. Maana yake ni kwamba kutimiza kunyonyesha ni miaka miwili kamili. Na kwamba ni juu ya baba kuwapa akina mama hao chakula chao na nguo zao kwa kadiri ya wema. Na kwamba asidhuriwe mama kwa ajili ya mwanawe, wala baba kwa ajili ya mwanawe. Na kwamba wakitaka kulikiza kabla ya muda huo, iwe kwa kuridhiana na kushauriana wawili hao. Na katika aya ya 6 ya Sura ya At-Talaq, hata mwanamke aliyeachwa, akimnyonyeshea mumewe wa zamani mtoto wao, ana haki ya kulipwa ujira wake.

Tazama, ndugu msomaji, jinsi aya hiyo ilivyopangwa. Baada tu ya kutajwa kunyonyesha kwa mama, papo hapo kumetajwa gharama juu ya baba. Sisi twaikariri sehemu ya kwanza na kuipita mbio sehemu ya pili. Mume humwambia mkewe, "Kunyonyesha ni amri," naye amemwachia nyumbani mkate mkavu na chai ya rangi.

Na Imam Nawawi, ambaye kitabu chake Minhaj kinasomeshwa katika darsa zetu za pwani, ametaja katika mlango wa matumizi kwamba ni wajibu juu ya mama kumnyonyesha mwanawe maziwa yale ya mwanzo, ambayo Waarabu huyaita liba na sisi twayaita dang'a. Ama baada ya hayo, akipatikana mnyonyeshaji mwingine, mama hashurutishwi. Wanazuoni wameieleza sababu ya wajibu huo: kwa desturi mtoto haishi bila ya maziwa hayo. Waliyasema hayo karne nyingi kabla ya kuwako vyombo vya kupimia maziwa.

Tena Sheria yenyewe imekubali kupunguza mzigo kwa ajili ya mtoto. Mama anyonyeshaye akimchelea mwanawe ameruhusiwa kufungua katika Ramadhani. Na kwa madhehebu yetu ya Shafi atalipa saumu na kutoa fidia. Na imepokewa katika Sahihi Bukhari kwamba Mtume (S.A.W.) alikuwa akiingia katika sala naye ataka kuirefusha, akisikia kilio cha mtoto huifupisha, kwa kuchelea kumtia mama yake mashakani. Basi ikiwa saumu, nayo ni nguzo, imelegezwa, na sala ya jamaa nyuma ya Mtume imefupishwa, ni kazi gani ya duka au ya afisi isiyoweza kusimamishwa nusu saa?

MATABIBU WASEMAJE?

Shirika la Afya Duniani lafundisha kwamba mtoto aanze kunyonya katika saa ya kwanza baada ya kuzaliwa; asipewe kitu kingine chochote, hata maji, mpaka atimize miezi sita, isipokuwa dawa aliyoandikiwa na tabibu; kisha aanzishiwe vyakula vingine huku akiendelea kunyonya mpaka miaka miwili au zaidi. Ndiyo miaka ile ile miwili.

Dang'a ni maziwa machache, mazito, yenye rangi ya manjano. Baadhi ya wanawake wa zamani waliyakamua wakayamwaga, wakidhani kuwa ni machafu au yameoza kifuani. Kumbe ndani yake mna kinga dhidi ya maradhi, na ndiyo kama chanjo ya kwanza ya mtoto. Mwenye kuyamwaga amemwaga kile ambacho Minhaj imekifanya wajibu.

Na jambo la pili lipasalo kujulikana ni kwamba maziwa ya mama huja kwa kuvutwa. Kadiri mtoto anyonyavyo ndivyo yazidivyo, na akipewa chupa hunyonya kidogo, na maziwa hupungua. Mama akiona yamepungua humwongezea chupa, na maziwa hupungua tena. Hivyo ndivyo mama mwenye maziwa tele afikavyo, katika majuma machache, kusema kuwa yeye hana maziwa.

Tena chupa yataka maji safi, na moto wa kuyachemshia, na fedha za kununulia kopo lingine. Katika mitaa yetu mingi maji hununuliwa kwa madumu yaletwayo na mikokoteni, wala haijulikani yametekwa wapi. Na mama ambaye kopo lake lakaribia kwisha huongeza maji na kupunguza unga, mtoto akashiba tumbo na asishibe mwili. Kisha akaanza kuharisha, naye hana cha kumtia nguvu.

Ama tahniki, nayo ni sunna, ni kupaka kidogo tu cha tende iliyolainishwa katika kaakaa la mtoto, kwa mkono na kinywa kilicho safi. Si chakula wala si kibadala cha ziwa. Wenye kuifanya hoja ya kumnywesha mtoto maji ya sukari au asali siku saba, hao wameikosa sunna na wameikosa tiba. Na asali matabibu wameikataza kwa mtoto ambaye hajatimiza mwaka. Na mama aliye mgonjwa, au atumiaye dawa, asikate shauri kwa maneno ya jirani, bali aende kwa tabibu. Wala asilaumiwe aliyeshindwa kwa udhuru.

SERIKALI IMEFANYA NINI?

Mwezi wa Mei 1981, Mkutano Mkuu wa Afya Duniani uliofanyika Geneva ulipitisha kanuni za kuwazuia wauzaji wa maziwa ya kopo wasiwashawishi akina mama kuacha kunyonyesha. Kura zilizokubali zilikuwa 118, na iliyokataa ilikuwa moja, nayo ni ya Marekani. Hapa Kenya, Bunge lilipitisha mwaka 2012 sheria ya vibadala vya maziwa ya mama. Sheria hiyo haikukataza kuuza maziwa ya kopo, kwani wako wanaoyahitaji. Imekataza kuyatangaza kwa watu, na kuwapa akina mama sampuli za bure, na kuwapa zawadi wahudumu wa afya ili wayasifu.

Kabla ya hapo, Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 ilimpa mwanamke aliyejifungua likizo ya miezi mitatu kwa mshahara kamili, bila ya kupoteza likizo yake ya mwaka, na ikampa baba majuma mawili. Na Sheria ya Afya ya mwaka 2017 imemtaka mwajiri aweke mahali pa faragha na pa usafi pa kunyonyeshea au kukamulia maziwa, na ampe mama nafasi ya kufanya hivyo, isiyozidi saa moja katika kila saa nane za kazi, bila ya kukatwa ujira. Juu ya hizo zote, kifungu cha 53 cha Katiba ya mwaka 2010 kimempa kila mtoto haki ya lishe, makao na matibabu.

Je, amri hizi zina athari? Katika uchunguzi wa afya ya nchi wa mwaka 2003, katika kila watoto mia wa chini ya miezi sita ni 13 tu walionyonya bila ya kuchanganyiwa kitu. Uchunguzi wa mwaka 2008 na 2009 ulipata 32. Wa mwaka 2014 ukapata 61. Na wa mwaka 2022 ukapata 60. Hatusemi kuwa ni sheria peke yake iliyofanya hayo, kwani wauguzi na wakunga wamefundisha sana. Lakini kila mwenye macho aona mambo mawili: kwamba watu wakielekezwa na wakisaidiwa hubadilika, na kwamba kutoka mwaka 2014 tumesimama pale pale.

Na sababu moja ya kusimama haihitaji elimu kubwa kuijua, ni hesabu ya mtoto wa chuoni. Tabibu asema miezi sita; likizo ni mitatu. Mitatu iliyobaki nani ataibeba? Na huyo ni yule mwenye kazi ya kuandikwa. Ama kibarua, na mpishi wa nyumbani kwa watu, na muuza mahamri wa asubuhi, hao hata hiyo mitatu aghalabu hawaipati, asiyetoka hali.

KISA CHETU SISI

Haingekuwa insafu kuwataja wengine nikajisahau. Mimi ni mmoja wa wasimamizi wa madrasa moja mjini, yenye waalimu wa kike. Kanuni yake niliiandika mimi kwa mkono wangu: mwalimu akijifungua apewe siku arubaini bila ya mshahara, kisha arudi asubuhi na alasiri, wala asije na mtoto, ili masomo yasiharibike. Niliona kuwa nimetenda wema, kwa kuwa arubaini ndiyo desturi yetu. Nikasahau kuwa katika arubaini ya wazee wetu mzazi alikandwa, akapikiwa uji wa pilipili manga, na baada yake akabaki nyumbani na mwanawe. Mimi niliichukua hesabu ya siku nikaiacha huruma yake.

Siku moja nilisomesha darsa la wanawake, nikawakemea wenye kuwapa watoto wao chupa, nikawaambia kwa ukali wamwogope Mwenyezi Mungu. Kesho yake mwalimu mmoja alinijia kwa adabu, akasimama mlangoni, akaniambia: "Maalim, nimeyasikia ya jana, nayo ni ya haki. Lakini mimi mwanangu nimemwacha kwa bibi yake ana siku arubaini na mbili. Ningemnyonyesha vipi nami niko hapa?"

Sikuwa na jibu. Nilimwambia, "Mwanangu, nenda kasomeshe, nitalifikiri." Usiku nikakumbuka kisa cha Sayyidna Umar, kisa nilichokisomesha mara nyingi, na sikupata kujiona ndani yake hata siku moja. Nikahesabu waalimu waliojifungua chini ya kanuni ile: walikuwa wanne. Tena nikaulizia sheria ya nchi, nikakuta kuwa kanuni yetu ilikuwa imeihalifu muda wote huo, nasi twajiita watu wa uongofu.

Tuliibadilisha. Sasa ni miezi mitatu kwa mshahara kamili. Arudipo ana chumba chenye pazia, na nafasi mbili za kunyonyesha kila siku, na bibi wa mtoto aruhusiwa kumleta. Gharama yake tuliitoa katika fedha tulizokuwa tumeziweka kwa rangi na mapambo ya jengo. Masomo hayakuharibika. Lakini yule mwalimu aliyenijia, maziwa yake yalikuwa yamekwisha kukatika. Na mwanawe aliharisha mara kwa mara mwaka ule wa kwanza. Amepona, alhamdulillahi. Hayo siwezi kumrudishia, nami namwomba yeye na wenzake watatu waniwie radhi.

TUFANYE NINI?

Imepokewa kutoka kwa Mtume (S.A.W.) kwamba kila mmoja wetu ni mchunga, na kila mmoja ataulizwa juu ya wale aliowachunga. Basi kila mwenye kutoa amri ajitazame.

Mume: chakula cha mke anyonyeshaye ni chakula cha mtoto, na ni deni juu yako. Mpunguzie kazi za nyumbani, wala usikate shauri la kulikiza peke yako, kwani aya imetaka mashauriano ya wawili. Na ikiwa una haki ya majuma mawili ya likizo ya baba, yachukue uyatumie nyumbani, usiyatumie barazani.

Mwenye duka, mwenye hoteli, mwenye afisi, mwenye nyumba yenye mtumishi: kabla ya kungoja askari wa sheria, tenga chumba, toa nafasi, lipa likizo. Na yule mtumishi aleaye mwanao huku wake mwenyewe yuko kijijini akinywa uji mwepesi, huyo pia ni mama.

Wasimamizi wa misikiti na madrasa: someni kanuni zenu upya. Na panapokuwa na fungu la sadaka, mzazi fakiri awekwe mbele, asaidiwe ile miezi ambayo likizo haikuifikia.

Na sisi sote, kwa kuwa tuna wajumbe katika Bunge na katika baraza za kaunti, tuwaulize wajapo kututaka kura: miezi mitatu itafikia lini mahitaji ya mtoto, na kibarua ataingizwa lini katika hesabu? Mama yule wa Madina alimwambia Umar sababu naye hamjui. Sisi wajumbe wetu twawajua kwa majina, twanyamaziani?

Na wewe uliye mhubiri, kama mimi: kabla ya kumwambia mama amwogope Mwenyezi Mungu, muulize kwanza nani amemzuia.

Twamwomba Mwenyezi Mungu atupe macho ya kuziona aibu zetu kabla ya za wenzetu, awahifadhi watoto wetu, na awalipe mema akina mama. Amin. Wabillahi tawfiq.